Neno Lililowekewa Matanga

Herufi A yote ya Kiingereza, watu wa Kalembe waliipeleka nyumbani na chumvi. Sitanii. Mwenye duka, mtu wa Butembo, alikuwa amenunua makaratasi ya kilo huko Kasese, Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Congo, ili ayatumie kufungia chumvi na sukari. Ndani ya gunia lile mlikuwa na kamusi nene ya Kiingereza isiyo na jalada. Akaanza kuichana mwanzo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. A ikaenda, B ikaenda, na C nayo ikaanza safari.

Siku moja alikuwa anamfungia mama mmoja chumvi, jicho lake likatua juu ya neno "coffee". Alikuwa ameuza kahawa tangu ujana wake, kwa hiyo akasoma. Kamusi ilisema Waingereza walilipata neno hilo kwa Waholanzi, Waholanzi kwa Waturuki, Waturuki kwa Waarabu, na kwamba Waarabu walisema "qahwa". Akaishusha karatasi, akaipandisha, akasoma tena. Kisha akaimwaga chumvi ya yule mama kwenye jani la mgomba, akamrudishia hivyo hivyo, na karatasi akabaki nayo. Mama yule alilalamika sokoni wiki nzima.

Ndivyo ilivyopona kamusi ile, na ndivyo nilivyopata mwalimu. Shuleni tulikuwa na kipindi cha Kiingereza, lakini mwalimu wetu mwenyewe alikuwa amekisoma kwa Kifaransa tu, kama mtu anayejifunza kuogelea ubaoni. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwetu ni kilimani, upande wa Masisi, mwendo wa saa moja kutoka Kalembe, na kila nilipotumwa sabuni nilichelewa kurudi. Mama aliacha kuniuliza kwa nini.

Mwenye duka alikuwa amekiokota Kiingereza chake masokoni Uganda, kwa masikio, na hakuwahi kujali kinatoka wapi. Lakini tangu siku ya kahawa hakuruhusu tena neno la Kiingereza liingie kichwani mwake bila kuliuliza ukoo. Kwetu mgeni akifika anapewa kiti kwanza, kisha anaulizwa anatoka wapi, baba yake ni nani, na mama yake alitoka kwa nani. Kabla ya hapo haletewi chakula.

"Neno iko mugeni," aliniambia. "Kama haujue kwao, utalitumikisha tu. Hautaliheshimu."

Basi tukaanza kuwapa viti wageni. Yeye alikuwa anapima maharagwe, mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi na kamusi mapajani, nikisoma kwa sauti na kunakili kwenye daftari. Sijui niseme vipi furaha ya miezi ile. "Window", dirisha, lilikuwa limeundwa na watu wa kaskazini ya mbali kutokana na maneno mawili: upepo na jicho. Jicho la upepo! Nyumbani kwetu ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu lisilo na kioo wala ubao, na kila asubuhi upepo ulituchungulia kupitia pale. Mtu aliyelitunga neno lile aliishi katika nyumba kama yetu, nikampenda papo hapo. "Muscle", musuli, lilitoka katika neno la Kilatini la panya mdogo, kwa sababu mtu akikunja mkono kitu kinakimbia chini ya ngozi. Mwenye duka alikunja mkono wake, akamtazama panya wake akikimbia, akasema kwamba kwa umri wake panya huyo sasa anatambaa.

Lililonipiga zaidi ni lile la kondoo. Kondoo akiwa hai malishoni, Mwingereza anamwita "sheep". Akishachinjwa na kuwekwa mezani anaitwa "mutton", na hiyo si nyingine bali "mouton" yetu ya Kifaransa cha shuleni. Nguruwe vilevile: zizini ana jina la Kiingereza, sahanini ana jina la Kifaransa. Mwenye duka alikuwa amesikia Kampala kwamba zamani watu wenye kusema Kifaransa waliwatawala Waingereza, wao wakila na wenyeji wakichunga. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe hata wao walikuwa na watu wa ofisini wanaosema Kifaransa na watu wa kilimani wanaosema lugha ya mama zao! Nilikuwa nimefikiri Waingereza walizaliwa wakiwa wakubwa wa dunia. Tangu siku ile niliwaona kama majirani waliopata bahati baadaye.

Maneno mengine niliyapeleka nyumbani. Jioni moja mama alikuwa anasonga bugali, nikamwambia kwamba "lady", neno la kumwita mwanamke wa heshima, hapo kale maana yake ilikuwa mwenye kukanda mkate, na "lord", ambalo wao wanamwitia hata Bwana Mungu, lilikuwa mlinzi wa mkate.

"Basi mi njo lady wa hii nyumba tangu nilikuya," mama alisema bila kuacha kusonga, "na hakuna mwenye aliniambiaka."

"Na mi?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Papa, wewe ni mulinzi wa mukate."

"Mukate gani hapa?"

"Mulinzi wa bugali," mama akasema, na baba akacheka mpaka akakohoa. Nalieleza hili ili msije mkamwona kuwa mtu mgumu. Baba yangu alipenda neno zuri kuliko watu wengi waliosoma kumzidi.

Ndiyo maana sikutegemea alivyopokea barua yangu. Nilikuwa nimepita mtihani wa serikali, na chuo cha ualimu cha Bukavu kilinikubali kusoma Kiingereza. Barua ilisema lazima nifike kujiandikisha kabla mwezi haujaisha. Lori la mwenye duka lilikuwa linashuka Goma Jumatatu, na baada ya hapo halikuwa na safari nyingine mwezi ule. Nilimsomea baba barua yote, nikiitafsiri polepole. Alinisikiliza akinoa jembe. Nilipomaliza, alisema hapana.

"Anglais? Ile luga ya bale banakuyaka na mashini kupima bilima yetu? Mi nilibeba mawe ya madini ku Rubaya miaka tatu, mu mugongo. Kila gunia ilikuwa na maandiko ya Anglais. Bitu yote ya kwetu inapitaka mu ile luga, na hakuna yenye inarudiaka. Sasa bachukue na mutoto?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kufanya, kwa sababu hasira ya baba huisha kabla ya chakula. Lakini alisema kwa upole, akaendelea kunoa jembe ambalo lilikuwa limeshanoka. Nililia siku mbili, na mama alipojaribu kuniombea, baba alitoka akaenda kulala kwenye kibanda cha ng'ombe.

Jumapili, baada ya misa ya Wakatoliki wenzake na baada ya ibada yetu, mwenye duka alipanda mlima. Alikuwa amevaa koti, na kamusi ameifunga katika kitenge, kwapani. Baba alimpa kiti, akamuuliza anatoka wapi na yeye ni mtoto wa nani, ingawa alikuwa amemjua miaka kumi na mbili. Hapo nilijua mambo ni mazito. Mwenye duka alijibu yote, ukoo wa baba na ukoo wa mama, kama mgeni aliyefika jana. Mimi na mama tulikaa kwenye mkeka kando ya mlango.

"Papa," mwenye duka alianza, "weye unajua kuachia muntu ngombe."

Baba aliitika. Kwetu mwenye ng'ombe wengi humwachia jirani mmoja wa kutunza. Jirani anakunywa maziwa, na ng'ombe akizaa, ndama wanagawanywa. Ng'ombe hauzwi wala hapewi mtu. Yuko tu kwa mwingine, na kila mtu anajua ni wa nani.

"Luga njo vile. Sukari ilitoka kwa Baarabu. Baliiachia siye, baliiachia na Baingereza. Siye tunasema sukari, bao banasema sugar. Ni ndama ya ngombe moja. Hakuna mwenye aliiba."

Nilimtazama baba, na kwa mara ya kwanza wiki ile niliona uso wake ukifunguka. Aliipenda hoja. Aliizungusha kichwani, akaigonga huku na huku kama chungu cha kununua.

"Muzuri," alisema mwishowe. "Lakini mi nikiachia muntu ngombe, minamuchaguaka. Minamujua. Ngombe yenye iliendaka bila miye kujua, ile hatusemake ni kuachia." Akainama mbele kidogo. "Mu kitabu yako, kuko neno ya hapa kwetu? Ya Congo?"

"Kuko safari," mwenye duka alisema haraka, akiitoa kamusi kwenye kitenge na kuifungua.

"Safari ni ya bantu ya pwani."

"Kuko okapi," akasema, akimtaja yule mnyama wa misitu yetu.

Baba alicheka, lakini si kicheko cha bugali. "Nyama balichukua, na jina yake balichukua. Asante."

Mwenye duka aliifunga kamusi, akanitazama. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu lilikuwako neno lingine. Tulikuwa tumelipata pamoja miezi minne kabla, kwenye herufi G, na siku ile aliacha kupima maharagwe. Kisha aliniambia, "Hii usisomee papa yako hata siku moja," na nilikubali. Sasa macho yake yalikuwa yananikumbusha ahadi ile. Aliona kwamba nikilisoma neno lile, baba atapata ushahidi wote aliokuwa anautafuta, na Bukavu nitaisikia redioni tu.

Ningependa kusema kwamba nilisukumwa na ukweli. Hapana, nilikasirika. Wanaume wawili walikuwa wanayapima maisha yangu, na mmoja wao alikuwa hajaonyeshwa kitabu chote. Kama baba atakataa, nilijiambia, akatae akiwa amekiona. Niliinuka mkekani, nikaichukua kamusi.

"Papa, kuko ingine."

Nikamsomea. "Goober." Nikamweleza kwamba ndivyo watu wa kusini mwa Marekani wanavyoziita karanga, na kwamba neno hilo lilikuwa "nguba".

"Nguba," baba alirudia. Alilijua. Nani kati yetu asiyejua kwamba kwa Kilingala karanga ni nguba? Askari walikuwa wanaziulizia kwa jina hilo kila walipopita. "Nani alipeleka nguba ku Amerika?"

"Bantu ya Bas-Congo, Papa, na ya Angola. Balikamatwa, bakauzishwa, bakapandishwa mu bato kubwa ya ku bahari."

"Balibeba nini?"

"Hakuna kitu. Balikuwa na minyororo."

"Onyesha."

Baba alikuwa amesoma miaka minne tu ya shule ya msingi, na maandishi yalikuwa madogo kuliko mbegu za mtama. Alikisogeza kitabu kwenye mwanga wa mlango, akaweka kidole pale nilipomwekea. Midomo yake ilianza kufanya kazi. "Kon," alisema. "Kon-go." Akarudi nyuma, akasoma tena, safari hii bila kukata. Mwenye duka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baliandika?" baba aliuliza.

"Baliandika, Papa."

"Mwizi gani anaandikaka jina ya mwenye kitu?"

Hakuwa amekusudia kumsuta mtu. Alikuwa anauliza kweli. Nimeliwaza swali lile miaka mingi, sasa ambapo ninafundisha Kiingereza Buleusa na nina kamusi zangu mwenyewe. Sijapata jibu linaloniridhisha. Ninachojua ni kwamba ninaipenda ile lugha kwa sababu hiyo. Imebeba vitu vya dunia nzima, vingine kwa kuachiwa, vingine kwa kunyang'anya, lakini ukiiuliza vizuri haifichi. Inakuambia hiki nilikitoa kwa fulani. Watu wengi ninaowaheshimu hawawezi kufanya hivyo.

Baba alivua kofia yake. Alimwambia mama atandike mikeka nje.

"Juu ya sababu gani?" mama aliuliza.

"Tuko na matanga."

"Nani alikufa?"

"Benye balibeba ile neno."

Kwetu habari ya kifo haiozi kwa kuchelewa. Kaka yake baba alifia Kisangani, na tulipata habari baada ya miaka sita. Tulikaa chini siku tatu kama kwa mtu aliyekufa usiku wa jana. Mtu huliliwa siku habari zake zinapofika. Kwa baba hakukuwa na la kujadili: habari zilikuwa zimefika kwake, Jumapili ile, saa tisa alasiri, zimeletwa na kitabu. Alikaa chini mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti, na mwenye duka, baada ya kusimama kidogo asijue afanye nini na koti lake, alikaa kando yake.

Jumatatu asubuhi nilisikia honi ya lori kule chini barabarani, kisha nikalisikia likiondoka na dereva wake, kwa sababu mwenye matanga hatoki kabla ya siku ya tatu. Nililia sana. Majirani walisema mtoto huyu ana moyo, anawalilia watu asiowajua. Sikuwarekebisha, lakini Mungu anajua nililia lori.

Kilichowaleta watu wengi, nadhani, ni habari kwamba mtu wa Butembo amefunga duka siku ya Jumatatu. Hilo lilikuwa halijaonekana Kalembe. Walipanda kuja kushuhudia, wakakuta ni kweli, amekaa mkekani bila viatu, ikabidi waulize aliyekufa ni nani. Baba aliwaeleza kila mmoja tangu mwanzo, bila kuchoka: bato, minyororo, nguba, kitabu. Wengine walileta maharagwe, wengine kuni. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye kupenda kubishana, alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Lakini bale habakukuwa Bahunde kama siye," alisema.

"Siku balibafunga, habakubauliza kabila," baba alijibu.

Mzee yule akavua viatu vyake akakaa. Siku ya pili alirudi akiwa wa kwanza, na jioni alikuwa anawaeleza wengine habari ile vizuri kuliko baba mwenyewe.

Jumatano ikafika siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga. Mtu akifia mbali, siku hiyo watu wa nyumba humteua mmoja wao aende kule alikofia, akaone mahali alipozikwa, akawasalimie waliomwona mwisho. Ni kazi ya heshima, na kwa kawaida hupewa yule aliyeleta habari. Baba alisimama mbele ya mikeka. Alikuwa hajanyoa, na alikuwa amevaa shati lake la ibada.

"Habari ililetwa na uyu mutoto," alisema, akinionyesha. "Ni yeye ataenda."

"Ataenda wapi?" mzee wa kubishana aliuliza.

"Mu Anglais," baba alisema.

Alilisema kana kwamba ni kijiji kilicho nyuma ya msitu wa Walikale, mbali, lakini kinachofikika. Hakuna aliyecheka. Akina mama waliitikia kwa vichwa, na mmoja akauliza kama huko kuna baridi. Mimi nilikuwa nimekaa na sahani ya maharagwe mkononi, nikaiweka chini. Mwenye duka alijifanya anatafuta viatu vyake.

Usiku ule mvua iliharibu barabara, hata pikipiki hazikupanda. Alhamisi baba alinisindikiza kwa miguu siku nzima hadi Mweso, akiwa amebeba sanduku langu. Kutoka pale nilipata pikipiki, kisha gari, kisha bato ya kuvuka ziwa kutoka Goma, na nilifika Bukavu siku moja kabla orodha haijafungwa. Njiani baba hakusema mengi. Alinionyesha mashamba ya watu anaowajua, akalaumu mtu mmoja aliyepanda viazi vibaya. Pale Mweso alilifunga sanduku langu nyuma ya pikipiki mwenyewe, akalitikisa, akafungua kamba, akaifunga upya.

"Papa, nitakuandikia," nilisema.

Alikuwa bado ameshika kamba. "Ukifika mule," alisema, "usiulize tu benye balikufa. Uliza kama baliacha batoto."